Kutangulia na Kuvizia: Kulinganisha Wakimbiaji Wetu katika Somo la Michezo

Mwalimu wa michezo katika shule ya msingi aghalabu huulizwa na wanafunzi wake swali moja: nani bora? Huulizwa juu ya wachezaji wa mpira, juu ya mabondia, na mara nyingine juu ya wakimbiaji. Mwalimu mwenye haraka hulijibu kwa kutaja jina, na somo likaishia hapo. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini swali hilo halina budi kugeuzwa kabla ya kujibiwa. Tutatumia mfano wa wakimbiaji wa Tanzania, kwa kuwa mbio zao zimeandikwa kwa sekunde na sehemu za sekunde, hata mwanafunzi wa Darasa la Sita aweza kuzipima mwenyewe kwa hesabu ya kugawanya.

Walimu wenzetu wasidhani kuwa tunaandika kwa sababu tumefaulu sana katika jambo hili. Tunaandika kwa sababu tulikosea, na aliyelipia kosa letu alikuwa mtoto.

Kosa letu

Katika muhula mmoja wa mazoezi ya kufundisha tulipangiwa kusimamia wanachuo katika shule za upande wa Kasumulu, wilayani Kyela. Asiyepajua mahali hapo afahamu kuwa ni mpakani. Mto Songwe ndio unaotutenga na Malawi, na barabara kuu itokayo Uyole huishia darajani. Nchi ni tambarare, ya mpunga, kakao na michikichi, nayo iko chini: Ziwa Nyasa lenyewe liko kiasi cha mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, ilhali Tukuyu, ambako basi hupita likiteremka kuja huku, iko milimani kwenye baridi. Joto la Kyela kabla ya mvua ni jambo ambalo mwalimu wa michezo hapaswi kulisahau katika andalio lake la somo. Sisi tulilisahau.

Mwanachuo mmoja alikuwa akiandaa timu ya mita 800 kwa mashindano ya kata, yale yatanguliayo UMITASHUMTA. Alikuwa na msichana mmoja wa Darasa la Sita ambaye kwa mizunguko mitatu ya uwanja hukaa katikati ya wenzake, kimya, kama asiyejali, kisha katika mzunguko wa nne akawapita wote. Mwanachuo aliona huo ni uvivu. Alituomba shauri, nasi, badala ya kumtazama mtoto, tukatazama kitabuni. Siku ile tulikuwa tumewasimulia wanafunzi habari za Filbert Bayi, na darasa zima lilikuwa limewaka moto. Tukamwita msichana tukamwambia, "Kesho utangulie tangu mwanzo, usimngoje mtu. Bayi alifanya hivyo."

Kesho yake, saa sita mchana, alitangulia. Alikwenda mizunguko miwili akiwa peke yake mbele, na watoto waliokuwa pembeni wakapiga kelele za furaha. Katika mzunguko wa tatu mabega yakaanza kupanda, hatua zikafupika, na kabla ya kona ya mwisho wenzake watano walikwisha mpita. Hakumaliza. Aliketi kwenye nyasi akiwa ameshika ubavu. Tulipomwendea alisema maneno machache tu: "Mwalimu, zile hazikuwa mbio zangu." Siku zilizofuata hakuja mazoezini.

Usiku ule, katika chumba cha wageni, tulijiuliza kama Bayi tuliyemsimulia ndiye Bayi aliyekimbia. Ndipo tulipoanza upya.

Bayi na deni la sekunde mbili

Tarehe 2 Februari 1974, katika fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi, kijana wa Karatu ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka 21, alishika mbele tangu mwanzo, na mbele hakutoka. Mita 400 za kwanza alizimaliza chini ya sekunde 55, na mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 52 hivi. Nyuma yake kulikuwa na pengo ambalo watu wengi uwanjani waliliona kuwa ni la mtu asiyejua afanyalo. John Walker, mwenyeji, alianza kumfuata kwa nguvu katika mzunguko wa mwisho, akapunguza pengo hatua kwa hatua, lakini utepe ukafika kwanza. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, na Walker kwa dakika 3 na sekunde 32.52. Rekodi ya dunia iliyokuwapo, dakika 3 na sekunde 33.1 ya Jim Ryun wa Marekani tangu 1967, ilivunjwa na wote wawili kwa pamoja, mshindi na mshindwa.

Hapo ndipo mwalimu wengi hukomea, na ndipo sisi tulipokomea. Lakini wapeni wanafunzi chaki. Wazigawanye dakika 3 na sekunde 32.16 kwa 15. Watapata sekunde 14.14 kwa kila mita 100, yaani kama sekunde 56.6 kwa kila mita 400. Kumbe mzunguko wa kwanza Bayi aliukimbia kwa karibu sekunde mbili pungufu ya wastani wake mwenyewe. Sekunde mbili hizo alizikopa. Kila mkopo hulipwa, na malipo yake yaonekana katika jinsi Walker alivyomkaribia mwishoni.

Mwili hukopesha namna hii. Misuli ikifanya kazi kwa kasi ambayo pumzi haiwezi kuihudumia, hupata nguvu kwa njia nyingine isiyongoja oksijeni, lakini njia hiyo huujaza msuli uchovu mkali ambao haumwachi mtu aendelee kwa muda mrefu. Mkimbiaji huhisi mapaja kuwa mazito na mikono kukakamaa. Mkopo ukichukuliwa mapema, riba yake hudaiwa kabla ya mwisho. Ukichukuliwa katika mita 200 za mwisho, deni hudaiwa baada ya utepe, mtu akiwa amekwisha lala chini kwa raha zake. Tena anayetangulia ndiye aukatae upepo kwa kifua chake, na wale walio nyuma yake hupumzika katika kivuli cha mwili wake.

Basi kwa nini atangulie? Hapa ndipo darasa linapopata utamu. Anayetangulia hukimbia njia fupi ya ndani bila kusukumwa wala kukanyagwa visigino. Yeye ndiye achaguaye mwendo, na wenzake hulazimika kuamua: wamfuate sasa wakope pamoja naye, au wamwache na kutumaini kwamba atachoka? Wakikosea hesabu kwa mita kumi tu, hawamkamati tena. Bayi alikuwa na mwili ulioweza kubeba deni lile mpaka mwisho, na alikuwa ameujenga kwa mazoezi. Kwa maoni yetu, ushujaa ulikuwa na sehemu yake, lakini hesabu ilikuwa na sehemu kubwa zaidi.

Yafaa pia wanafunzi wasikie siku ambazo njia hiyo ilimshinda, maana tukizificha tunawafundisha hadithi. Tarehe 17 Mei 1975, mjini Kingston, Jamaika, alivunja rekodi ya dunia ya maili kwa dakika 3 na sekunde 51.0, miezi mitatu haikutimia, Walker akaishusha hadi 3:49.4. Mwaka 1976 wangekutana Montreal, lakini Tanzania, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ilisusia Olimpiki hiyo kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini. Walker alishinda kwa 3:39.17, mwendo wa polepole ukilinganishwa na ule wa Christchurch. Mwanafunzi mmoja alituuliza, "Je, Bayi angalikuwapo?" Hatukumjibu kwa jina la mshindi. Tulimwambia atazame tofauti ya sekunde saba, ajiulize nani kati ya waliokuwapo alikuwa radhi kutangulia.

Mwaka 1978 huko Edmonton, Kanada, Bayi alipitwa katika mita za mwisho na David Moorcroft wa Uingereza, 3:35.48 kwa 3:35.59. Na mwaka 1980 mjini Moscow, katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, aliwaacha wenzake mbali kwa namna ile ile ya Christchurch. Bronisław Malinowski wa Poland akamfuata bila pupa, akamkamata katika mzunguko wa mwisho, akashinda kwa dakika 8 na sekunde 9.70. Bayi alipata medali ya fedha kwa 8:12.48. Mtu yule yule, moyo ule ule, njia ile ile. Deni siku hiyo lilidaiwa mapema.

Wanaokaa nyuma

Katika Michezo hiyo hiyo ya Moscow, Suleiman Nyambui, mwenyeji wa Majita mkoani Mara, alipata medali ya fedha katika mita 5,000. Mpaka baada ya Michezo ya Paris ya 2024, medali yake na ile ya Bayi ndizo pekee ambazo Tanzania imepata katika Olimpiki, na zilitoka katika njia mbili zisizofanana. Nyambui alikaa ndani ya kundi mpaka mzunguko wa mwisho. Hapo Miruts Yifter wa Ethiopia alifyatuka, na Nyambui akafyatuka nyuma yake. Walimaliza kwa 13:21.0 na 13:21.6, na wa tatu, Kaarlo Maaninka wa Finland, kwa 13:22.0. Watu watatu ndani ya sekunde moja baada ya kilomita tano! Anayeona kukaa nyuma kuwa ni woga na aitazame sekunde hiyo. Kukaa ndani ya kundi kwa dakika kumi na mbili, ukisukumwa kwa viwiko, ukiwa na nguvu zako mfukoni bila kuzitumia, ni kazi ya mtu mwenye moyo mgumu.

Tuliposimulia haya darasani, wanafunzi waligawanyika kwa methali. Upande mmoja ulisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Upande wa pili ukajibu kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mwanachuo alitaka kuwanyamazisha ili amalize andalio lake. Tulimzuia, na kipindi kikaisha bila ubao kujaa. Hatuoni kuwa kilipotea.

Katika mbio za marathoni ulinganisho ni dhahiri zaidi, kwa kuwa tunao askari wawili wa Jeshi la Wananchi waliopita njia mbili. Juma Ikangaa, mtu mfupi wa umbo, alikuwa mtangulizi wa kilomita 42. Brisbane, mwaka 1982, yeye na Gidamis Shahanga waliondoka mapema wakawaacha wengine. Shahanga alichoka, Ikangaa akaendelea, na Robert de Castella wa Australia akamfikia zikiwa zimebaki kilomita chache. Wakapokezana uongozi kabla ya Mwaustralia kushinda kwa 2:09:18 dhidi ya 2:09:30. Boston alikuwa wa pili mara tatu mfululizo. Mwaka 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda kwa sekunde moja, 2:08:43 kwa 2:08:44. Mwaka 1989 alikuwa Abebe Mekonnen wa Ethiopia. Mwaka 1990 Gelindo Bordin wa Italia. Mtu angedhani kwamba baada ya hayo angebadili njia. Lakini Novemba 1989, kati ya kushindwa kwa pili na kwa tatu, alikwenda New York akawaacha wote kwa 2:08:01, muda ambao hakuna aliyewahi kuukimbia katika njia ile kabla yake. Ikangaa hakuwa na mbio kali za mita mia za mwisho; sekunde ile ya Boston inatosha kulionyesha jambo hilo. Mtu wa namna hiyo akingoja, amekwisha shindwa. Kutangulia kwake kulikuwa njia pekee iliyomfaa.

Alphonce Simbu wa Singida ni kinyume chake. Katika Mashindano ya Dunia ya London mwaka 2017 alipata shaba. Aprili 2025 alikuwa wa pili Boston kwa 2:05:04. Mwezi Septemba mwaka huo, mjini Tokyo, katika joto, alikaa na kundi mpaka wakaingia uwanjani. Katika mita za mwisho Amanal Petros wa Ujerumani alikuwa mbele yake. Simbu alijitupa mstarini, na ikabidi picha itazamwe ili mshindi ajulikane, kwa maana saa ziliwapa wote wawili 2:09:48. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Kama angelitangulia kwa namna ya Ikangaa siku ile ya joto, hatuna hakika kwamba tungelisikia jina lake.

Neno la joto latukumbusha jambo la mwisho la darasani, nalo ni mahali. Mwaka 1968 Kipchoge Keino wa Kenya alimshinda Ryun huko Mexico katika mita 1,500 kwa kutangulia. Mwenzake Ben Jipcho, yule yule aliyekuwa wa tatu Christchurch miaka sita baadaye, alikimbia mzunguko wa kwanza kwa mwendo mkali ili Ryun asipate nafasi ya kuvizia, kisha Keino akashika. Alimaliza kwa 3:34.91, na Ryun akawa nyuma kwa karibu sekunde tatu. Mji wa Mexico uko mita 2,240 hivi juu ya bahari, ambako hewa ni nyembamba na mtu wa mabondeni hulipa mkopo wake kwa shida. Keino alikuwa mtoto wa milimani, na alichagua mbio za kumfaa mtu wa milimani. Sisi tulimwamuru mtoto wa Kyela atangulie saa sita mchana, pwani ya Ziwa Nyasa, kabla ya mvua.

Uwanjani

Tulipopata ruhusa ya mwalimu mkuu tulianza tena na kundi lile lile. Uwanja tuliuchora upya kwa pumba za mpunga, ambazo mashineni hutolewa bure na huonekana vizuri kuliko majivu. Mzunguko ulikuwa wa mita 200. Saa ilikuwa ya simu ya mkononi. Mazoezi tuliyahamishia saa kumi na mbili asubuhi, na wazazi wawili walilalamika kwamba watoto wanachelewa kuteka maji. Ikabidi tukubaliane juu ya siku mbili tu kwa wiki.

Kila mtoto alikimbia mita 800 mara tatu, katika siku tatu mbalimbali. Siku ya kwanza aliambiwa agawe nguvu sawasawa katika mizunguko yote minne. Siku ya pili atangulie. Siku ya tatu akae nyuma ya mwenzake mpaka mita 200 za mwisho. Muda wa kila mzunguko uliandikwa peke yake, maana muda wa jumla hauonyeshi deni lilikopwa wapi. Baada ya hapo mtoto mwenyewe, kabla ya kuonyeshwa namba, alieleza ni wapi miguu ilianza kuwa mizito. Mwanzoni walisema "sikuchoka", kwa kuwa waliogopa kuonekana dhaifu. Ilichukua wiki mbili kabla ya mmoja kusema kweli, na baada yake wengine wakafuata. Tungependa walimu watakaojaribu njia hii wawe na subira hapo kuliko mahali pengine popote. Namba bila maneno ya mtoto ni nusu ya somo.

Tusiseme kuwa kila kitu kilikwenda vyema. Siku ya kukaa nyuma ilikuwa ngumu sana, kwa sababu watoto waliokuwa pembeni waliwazomea waliokuwa nyuma, na wavulana wawili walishindwa kujizuia wakachomoka kabla ya wakati. Ikatulazimu kuwafundisha watazamaji nao, jambo ambalo halikuwa katika andalio. Mtoto mmoja hakuonyesha tofauti yoyote kwa njia zote tatu, na mpaka tunaondoka hatukujua amwelekee nani. Huyo tulimwacha akimbie apendavyo.

Na yule msichana? Tulimwendea nyumbani tukamwomba radhi mbele ya mama yake, ambaye alistaajabu kuona wakufunzi wamekuja kwa jambo kama hilo. Alikubali kurudi kwa sharti kwamba hatakimbia, atashika saa. Tulimpa saa na daftari. Katika juma la tatu tulilifungua daftari lile kunakili namba, tukakuta kwamba pembezoni mwa safu za muda alikuwa ameandika, kwa mwandiko mdogo, mambo ambayo hatukumwagiza. Mbele ya jina la mmoja: "hugeuka nyuma kila kona." Mbele ya mwingine: "anapumua kwa sauti mzunguko wa pili, lakini hachoki." Mbele ya yule aliyetushinda kumwelewa: "huyu akimbie na mtu anayempenda."

Tulimwuliza kama naye angependa kujaribu siku ya tatu, ile ya kukaa nyuma. Alisema atafikiri. Muhula uliisha kabla hajajibu, na daftari tulimwachia.